Maneno Matano Kuhusu Mama

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Balaa. Mkuu wa kituo ametukusanya asubuhi, hata koti sijavua, akatangaza kwamba wiki ijayo tutapimwa. Si wateja. Sisi washauri! Miaka tisa nimekaa kwenye kiti changu nikiwapima watu namna wanavyoshikamana na wenzao: nani mtulivu, nani mng'ang'anizi, nani mjitengaji, nani amevurugika kiasi kwamba hajui akumbatie au akimbie. Leo kibao kimenigeukia.

Kipimo ni kile kile. Unaulizwa maneno matano ya kumweleza mama yako ulipokuwa mdogo. Kisha kwa kila neno, tukio moja la kweli la kulithibitisha. Basi. Kinaonekana chepesi. Nimeona wanaume wenye mabega mapana wakikwama kwenye neno la pili.

Mkuu amesema hakuna jibu la kushinda wala la kushindwa. Hata mjitengaji anaweza kuwa mshauri mzuri mradi ajijue. Kitu pekee kitakachomtoa mtu kwenye chumba cha wateja, amesema, ni uongo. Maneno ya namna hiyo husemwa kabla ya kila mtihani mgumu. Sikudanganyika.

Kuna baya zaidi. Tunapimana wenyewe kwa wenyewe, na atakayenipima mimi ni Bi Mhm.

Bi Mhm ni mshauri wa chumba cha pili. Jina nilimbandika mimi, moyoni tu, kwa sababu kazi yake yote ni kukaa, kuinamisha kichwa kidogo na kusema mhm. Saa nzima! Wateja wanatoka kwake macho mekundu, nyuso zimelainika. Boksi lake la tishu huisha kila Ijumaa. Langu nimelifungua mwezi wa kwanza na bado ni zito. Nimekuwa nikichomoa tishu tano tano kila Ijumaa jioni na kuzitia mfukoni, ili mama wa usafi asije akatia neno.

Mchana nimejaribu fomu peke yangu, mlango umefungwa. Neno la kwanza: mpole. Tukio: nikasubiri. Nikasubiri tena. Darini kuna nyufa mbili, moja ndefu.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Saa nne kamili, Fundi wa kufuli. Mzee mstaafu, alifiwa na mkewe mwaka jana, hukosi kumwona Jumanne. Kila akiingia hukitikisa kitasa cha mlango wangu, husikiliza kinavyolia, husikitika, kisha ndipo huketi. Huniita daktari. Nilimwambia mimi si daktari. Nilimwambia mara moja.

Huyu ndiye mteja wangu bora. Nilipompima miezi sita iliyopita, karibu nisimame nimpigie makofi. Mama yake alikuwa mpole: asubuhi za baridi alilipasha shati lake kwa pasi kabla hajamvisha. Mcheshi: alivaa viatu vya baba na kutembea kama mwalimu mkuu, nyumba nzima ikacheka. Mkarimu: kila mkate alioukata, kipande cha mtoto mwingine kilikuwemo. Mwaminifu: alimwahidi kwenda kumwona akikimbia kwenye michezo ya shule, mvua ikanyesha, tope likamvua kiatu, naye akafika na kiatu kimoja. Nilikuwa naandika kwa furaha. Neno la tano hakulitoa. Aliangalia kofia yake magotini, akasema atalileta siku nyingine. Nikamwachia. Maneno manne ya dhahabu yanatosha kabisa kumpa mtu daraja la mtulivu.

Leo alisema ana jambo la kuniambia kuhusu mambo yale ya mama. Sikumsikiliza vizuri. Nilikuwa namtazama na wazo linanijia polepole, na wazo lenyewe ni zuri mno.

Mzee ana kumbukumbu nne anazozitumia saa moja tu kwa wiki.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Dada amepiga simu. Anaishi na mama upande wa pili wa mji, nusu saa tu kutoka hapa. Mama ananiulizia. Nimesema kazi zimenibana. Dada akasema kazi zilinibana pia mwezi wa pili, na mwezi wa kwanza, na siku ile mama alipoanguka bafuni. Dada yangu ni mng'ang'anizi, hilo nililigundua zamani.

Saa ya chai nimemkuta Bi Mhm jikoni, birika linachemka, yeye amesimama tu. Aliniambia kwamba anauogopa usaili wake. Mama yake aliondoka yeye akiwa na miaka mitano, na hajui atasema nini. Alisema hivyo wazi, bila mtu kumuuliza, akiwa ameshika kikombe kitupu. Akaniuliza mimi je.

Mbinu hiyo! Anataka nilegee. Nimemwambia mimi sina wasiwasi hata chembe, nikatoka kifua mbele. Chai nimeisahau huko huko.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Nimelitoa faili la Fundi na kunakili matukio manne kwenye kadi. Shati nimelibadilisha rangi. Mwalimu mkuu nimemfanya mwenye duka. Mimi si mwizi.

Mazoezi yamefanyika mbele ya kioo cha chooni wakati wa chakula cha mchana. Nimeanza na shati la moto. Sauti chini, macho kwenye sinki, kimya kidogo kabla ya neno pasi. Nilipogeuka, mama wa usafi alikuwa mlangoni ameegemea fagio lake, machozi yanamtoka. Akashangaa kwamba kumbe hata mimi, mshauri, nilikuwa na mama. Akaanza kunisimulia wake, jinsi alivyokuwa akimsuka nywele huku akimwimbia, na kwamba mpaka leo akiguswa kichwani anasinzia. Nimempa tishu tatu kutoka mfukoni mwangu. Tatu! Zimetumika kihalali.

Limebaki neno la tano. Fundi hakuniachia kitu hapo, na nafasi tupu kwenye fomu inaonekana kutoka mbali. Nitafute wapi mama mwingine kwa siku tatu?

Imebidi niwaze jambo ambalo sikutaka kuliwaza.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Nimekwenda kwa mama. Kikazi.

Dada alifungua mlango, akanitazama, akatazama mkoba wangu wa kazini, akanipisha. Mama alikuwa karibu na dirisha anatenganisha vifungo kwenye mkebe wa biskuti, vyeupe huku, vya rangi kule. Amepungua. Nimemwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza nimekula. Nikasema nimekula. Akamwambia dada aniletee chakula.

Nimetoa fomu. Nikamweleza kwamba nafanya utafiti, nahitaji tukio moja la utotoni mwangu, liwe na maelezo kamili, na ikiwezekana limwonyeshe yeye kwa sura nzuri. Mama akaendelea na vifungo vyake kwa muda mrefu. Nikadhani hakusikia.

Kisha akasema. Alikuwa akifua nguo kwa dobi mmoja, anatoka alfajiri, ananiacha na dada. Jioni majirani humwambia nimeshinda dirishani tangu mchana, sitaki kula, sitaki kutoka. Lakini yeye akifungua tu mlango, mimi nageukia ukutani na kuchezea kifuniko cha mkebe, kana kwamba sikusikia mtu. Simwamkii. Simwangalii. Basi yeye hukaa chini sakafuni, nyuma yangu, aproni ya kazini bado kiunoni, mikono inanuka sabuni. Hasemi neno. Anangoja. Siku nyingine ni dakika chache. Siku nyingine dada anawasha jiko, anapika, anapakua, na mama bado yuko pale chini.

Nikamuuliza halafu inakuwaje.

Mama akasema, halafu unageuka.

Alinipa kifungo cheusi, akasema kinafanana na cha koti langu lililopungukiwa kimoja. Kweli koti langu limepungukiwa kimoja. Sikuwa nimeliona hilo.

Njiani nimelipima lile tukio kitaalamu. Halifai. Mtoto anamngoja mama kutwa nzima, kisha anamgeuzia mgongo! Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeliona hilo. Huyo ni mjitengaji wa kupindukia. Lingenimaliza mbele ya Bi Mhm. Nimelifuta kwenye fomu, kwa ufutio, mpaka karatasi ikatoboka. Kifua kilinibana kidogo nilipokuwa nalifuta. Nadhani ni chakula, nilikula kwa haraka ili niondoke.

Mpango mpya: kwenye neno la tano nitazidiwa na uchungu. Nitashindwa kusema. Nani atamdai tukio mtu anayelia? Dawa ya kuchua iko kabatini, ile ya kikopo kidogo ya kupaka kifuani mtu akiwa na mafua. Nitaipaka kidogo kwenye tishu, kisha niipitishe machoni.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Nitaandika yote.

Chumba cha Bi Mhm, saa tatu. Kinasa sauti mezani. Kiti chake cha wateja ni laini kuliko changu, na boksi la tishu liko pale pale mkono unapoangukia. Mimi nilikuwa na tishu yangu mfukoni. Nilikuwa nimepaka dawa kwa wingi, mtu hapungukiwi kwa kujiandaa.

Kabla hajauliza swali la kwanza, jasho lilinitoka usoni. Nikajifuta. Kwa tishu ile.

Ee! Macho yote mawili! Pua, mdomo, kila kitu. Nililia kama mtu aliyepigwa. Bi Mhm alikuwa ameuliza tu jina langu kamili kwa ajili ya rekodi. Alisogeza boksi lake karibu yangu, akasema tuchukue muda wetu. Nilichomoa tishu kumi na moja. Sasa zitahesabiwa kuwa zake!

Lakini nikajikaza. Nikasema shati. Nikasema viatu. Nikasema mkate. Kila kitu kilitoka sawasawa, tena kwa machozi ambayo kioo cha chooni hakikuwahi kuyaona. Nikafika kwenye kiatu kimoja, mvua, tope, mama anakuja anachechemea pembeni ya uwanja.

Bi Mhm hakusema mhm.

Aliniuliza mguu upi ulikuwa peku. Nikasema wa kushoto. Kisha akanyoosha mkono, akazima kinasa sauti. Akasema taratibu kwamba kama nataka, tunaweza kuifuta hii na kuanza upya, siku yoyote, hata kama jibu ni kwamba sikumbuki kitu. Akasema yeye kwenye usaili wake, saa moja kabla ya wangu, aliacha maneno matatu wazi na hakuna aliyemfanya kitu.

Mtego. Mtego mtupu! Nani anafutiwa mtihani alioufanya vizuri? Nimemwambia nimeridhika na kazi yangu, awashe mashine. Akaiwasha. Kwenye neno la tano nilinyamaza kama nilivyopanga. Tatizo ni kwamba dawa ilikuwa imekwisha nguvu, macho yamekauka. Nilikaa kimya tu, namtazama, naye ananitazama. Kilikuwa kimya kirefu sana. Sijui kwa nini ndani ya kimya kile nilisikia harufu ya sabuni.

Nimetoka nimeshinda, naamini.

Jumatano, tarehe 13 Machi

Mkuu ameniita. Kwenye meza yake kulikuwa na karatasi mbili. Moja ni usaili wangu, umepigwa chapa. Ya pili ni muhtasari wa kikao chetu cha mwezi wa kumi na moja, kile ambacho kila mshauri huleta habari za mteja mmoja bila kumtaja jina, wenzake wajifunze.

Niliyeleta siku hiyo ni mimi. Nililisahau kabisa. Nilisimama mbele ya wote, nikasimulia shati, viatu, mkate na mvua. Robo saa. Kwenye ubao nilichora kiatu. Bi Mhm alikuwa amekaa mstari wa mbele, na muhtasari unaonyesha aliuliza swali moja: mguu upi ulikuwa peku? Nikamjibu wa kulia.

Niliona aibu. Niandike tu, hakuna anayesoma hapa. Niliona aibu mpaka miguuni.

Mkuu hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Alisema ningemwambia sina hata neno moja angenipa kalamu yake niandike hivyo, na leo ningekuwa chumbani kwangu na wateja. Lakini nimechukua kitu ambacho mtu alinikabidhi akiwa na maumivu, nikakivaa. Akauliza kama naelewa. Nikasema ndiyo.

Hukumu: miezi sita sioni mteja. Nitakwenda kuketi kwenye kiti cha pili, kile cha mteja, kwa mshauri wa kituo kingine, kila Jumatano. Baada ya hapo tutaona. Kwa sasa nipange mafaili stoo. Wateja wangu wanahamia kwa Bi Mhm. Wote. Fundi pia.

Nitamkosa yule mzee.

Mstari huo wa juu nimeukata. Siyo lugha ya kitaalamu.

Ijumaa, tarehe 15 Machi

Stoo ya mafaili. Haina dirisha, taa moja, mlango haufungi mpaka uusukume kwa kiuno. Nilikuwa nimefika herufi M nikasikia kitasa kinatikiswa mara mbili. Nikajua ni nani.

Fundi. Wamempigia simu kumweleza kwamba Jumanne anaanza kwa mshauri mwingine. Akaja kuniaga.

Sikugeuka. Nilikuwa na kazi. Faili moja lilikuwa limekaa vibaya, nikalitoa, nikalirudisha, nikalitoa. Nikamwambia nimetingwa, Mzee, samahani. Nikadhani ataondoka. Nikasikia sanduku la zana linawekwa chini, kisha yeye mwenyewe anakaa juu yake, taratibu, magoti yanalia. Kofia hakuivua, nilikiona kivuli chake kwenye kabati. Alikaa tu pale nyuma yangu.

Baada ya muda akasema lile neno la tano lilikuwa linamsumbua, na hata yale manne. Yote hayakuwa yake. Yeye alilelewa kwenye makao ya watoto yatima, mama hamjui hata kwa picha. Nyuma ya makao palikuwa na uzio, na nyuma ya uzio nyumba ya familia moja. Mwanamke yule alipasha mashati ya mwanawe, alitembea kwa viatu vya mumewe. Alipokata mkate alipenyeza kipande kwenye tundu la uzio, kwa mtoto mwingine. Huyo mtoto mwingine ni yeye. Siku ya michezo alimwona mwanamke huyo anakuja kwenye mvua na kiatu kimoja, akimkimbilia mwanawe, naye akapiga makofi kama anayejiwa ni yeye. Alipoanza kunisimulia alitaka kusema ukweli mwishoni. Lakini aliniona naandika kwa furaha kubwa, akaona haya kunikatiza. Siku nyingi amekuwa akitafuta pa kuanzia.

Kumbukumbu za bandia! Nimevuliwa kazi kwa kumbukumbu ambazo hata mwenyewe aliziokota kwenye uzio! Hasira zilinipanda mpaka masikioni. Miezi sita! Kwa mali ya mitumba!

Sikumwambia hayo. Nilitazama herufi M.

Akangoja. Hakuwa na haraka hata kidogo. Nilisikia anapumua, nikasikia kengele ya saa ya chai, nikasikia Bi Mhm anapita ukumbini na kikombe chake. Bado alikuwa pale. Kwa kweli sijui mzee yule alikuwa anangoja nini.

Mwishoni akainuka. Nikasikia bisibisi, kama dakika tano hivi, halafu tone la mafuta, halafu mlango ukifungwa kwa sauti laini. Nilipogeuka hakuwepo. Kitasa kimetengenezwa. Sasa mlango unafunga vizuri sana, mtu wa nje hasikii kitu.

Jumamosi, tarehe 16 Machi

Usingizi mzuri, kichwa chepesi. Nimekaa na daftari na kulitazama jambo zima kwa utulivu, kama ninavyowashauri wengine. Kosa langu ni moja tu, na limenigharimu sana: nilichagua chanzo kibaya. Mzee hakuaminika. Tena nilikuwa nimekitumia hadharani.

Jumatano naanza kwa yule mshauri wa kituo kingine. Nimeuliza uliza. Anatumia fomu hiyo hiyo, maneno matano. Safari hii hanijui, hajawahi kukaa kwenye kikao chetu, na mimi nitakuwa mteja wa kupigiwa mfano. Ndani ya wiki tatu atamwandikia Mkuu barua ya kunisifu. Wiki ya pili nimepanga nitokwe na chozi moja, la jicho la kushoto. Dawa ya kuchua marufuku.

Kwa upande wa matukio sina shida. Mama wa usafi ana mama mzuri sana, na hajatumiwa na mtu. Nywele, wimbo, usingizi. Nimeshaandika kadi tatu. Suala la nywele linahitaji marekebisho kidogo, mimi nilinyolewa kipara utoto wangu wote.

Kifungo cheusi bado kiko mezani. Sina sindano.

Dada amepiga simu saa nne. Amesema mama tangu Jumapili anakaa dirishani, anauliza kama kesho nitakuja. Hasemi zaidi ya hapo, anauliza tu, kisha anarudi kwenye vifungo. Nimemwambia dada amsalimie sana, lakini kesho haitawezekana. Kesho ninafanya mazoezi ya kumkumbuka mama.